Hati Mbili kwa Shamba Moja

Ndugu msikilizaji, mwenzetu mmoja wa Mngeta, huko bonde la Kilombero, ameniletea swali ambalo naona linastahili kujibiwa mbele ya wote. Anauliza: iliwezekanaje Wapalestina, watu ambao hata nchi yao hawajaipata kamili, wawe na rais wa upande mmoja na serikali ya upande mwingine, kisha pande hizo zipigane zenyewe kwa zenyewe? Anaongeza la pili: je, jambo kama hilo laweza kutufika sisi?

Nianze na Wapalestina. Mwaka 2003, wakubwa wa nje walipotaka kumpunguzia Yasser Arafat madaraka, kiliundwa cheo cha waziri mkuu. Wa kwanza kukishika alikuwa Mahmoud Abbas. Hakukaa miezi sita. Alijiuzulu Septemba mwaka huo huo, na moja ya sababu kubwa ilikuwa ubishi wa nani anaviamuru vikosi vya usalama. Arafat alifariki 2004, na Januari 2005 Abbas akachaguliwa kuwa rais. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2006, chama cha Hamas kikapata viti 74 kati ya 132 vya bunge, na Ismail Haniyeh akawa waziri mkuu. Basi Abbas akajikuta amekaa kwenye kiti cha Arafat, akibishana na waziri mkuu juu ya jambo lile lile.

Serikali ya Hamas ilipoona vikosi vilivyokuwapo haviitii, iliunda kikosi chake. Rais akakitangaza kuwa si halali. Wafadhili wa Magharibi walikuwa wamekwisha kata misaada, na mishahara haikulipwa. Mapatano yaliyofanyika Makka Februari 2007 yalizaa serikali ya umoja iliyodumu miezi mitatu tu. Juni mwaka huo bunduki zikaamua: Hamas ikashika Gaza, Abbas akamfukuza Haniyeh na kumteua Salam Fayyad, na tangu hapo Gaza na Ukingo wa Magharibi zikawa na watawala tofauti.

Sasa nani alikuwa na haki? Abbas alichaguliwa na watu. Haniyeh naye alitokana na bunge lililochaguliwa na watu wale wale. Ninyi wa Mngeta mnaielewa shida hii kuliko wasomi wengi. Shamba moja la mpunga hutokea likawa na wenyewe wawili: mmoja ana karatasi yenye muhuri wa serikali ya kijiji, mwenziwe ana karatasi yenye muhuri wa ngazi ya juu. Wote wawili si waongo. Likiwapo baraza la kuamua na likasikilizwa, mmoja atanuna lakini mpunga utavunwa. Lisipokuwapo, kila mmoja ataita vijana wake wenye mapanga. Na kijana aliyeitwa kulinda shamba, msimu ukiisha, huanza kuliona shamba ni lake.

Ndugu msikilizaji, kisa hiki tumekwisha kukiona jirani kabisa na sisi, na gharama yake tukasaidia kuilipa.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Milton Obote akawa Waziri Mkuu kwa ushirika wa chama chake cha UPC na Kabaka Yekka, chama cha watu wa Buganda. Mwaka mmoja baadaye Kabaka mwenyewe, Mutesa wa Pili, akafanywa Rais. Alikuwa rais wa heshima, mwenye kutia sahihi na kufungua bunge. Utendaji ulikuwa wa Obote. Wakati ule mpango ulionekana wa busara: Buganda imepewa heshima, na nchi imepata serikali.

Lakini mtu mmoja alikuwa amevishwa kofia mbili. Zilikuwapo wilaya mbili, Buyaga na Bugangaizi, ambazo Waingereza walikuwa wamezinyofoa Bunyoro na kuipa Buganda. Tarehe 4 Novemba 1964 wakazi wake walipiga kura, wakaamua kurudi Bunyoro. Sheria ilimtaka Rais aidhinishe matokeo. Kama Rais, Mutesa alipaswa kutia sahihi; kama Kabaka, angekuwa anaigawa ardhi ya watu wake kwa mkono wake. Alikataa, na Obote akatia sahihi mahali pake. Ushirika wa vyama ulikuwa umekwisha vunjika miezi michache kabla, kwa kuwa wabunge waliohamia UPC walikuwa wamemtosha Obote.

Februari 1966, Obote akiwa ziarani kaskazini, mbunge Daudi Ocheng alileta hoja bungeni kuhusu dhahabu iliyotoka Kongo. Alimtaja Kanali Idi Amin, akamtaja na Waziri Mkuu mwenyewe. Bunge likaunga mkono Amin asimamishwe ili achunguzwe. Obote alirudi, na tarehe 22 Februari mawaziri watano wakakamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Siku mbili baadaye Katiba ikasimamishwa, na Mutesa akapoteza urais. Mutesa naye alikuwa amekwisha wauliza Waingereza kama msaada wa kijeshi ungepatikana. Tazama basi: kila upande ulikuwa umeanza kutafuta vijana wenye mapanga.

Mwezi Mei Lukiiko, yaani baraza la Buganda, likaitaka Serikali Kuu iondoke katika ardhi yake. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likavamia ikulu ya Kabaka kule Mengo. Aliyeongoza ni yule yule Amin ambaye bunge lilitaka achunguzwe. Mutesa aliruka ukuta akatoroka, akafika Burundi na hatimaye London, ambako alifariki 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote na kumpa Obote urais wenye nguvu zote.

Je, Obote alishinda? Tarehe 25 Januari 1971, akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Mkimbizi wa Mengo alikwisha fia ugenini. Sasa mkimbizi mwingine akaja kukaa Dar es Salaam. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na vijana wetu wakaenda vitani hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mimi naongeza kwamba nyasi hizo si za zizi lao tu.

Kongo hawakuhitaji hata miaka minne. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Lumumba. Usiku ule ule Lumumba naye akatangaza redioni kwamba amemwondoa Kasavubu. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu akasema anawaweka pembeni wote wawili. Lumumba aliuawa Januari 1961, na Mobutu akaja kutawala zaidi ya miaka 30.

Wapo watakaosema: basi dawa ni mtu mmoja tu, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Sikubali moja kwa moja. Baada ya 1967 Uganda ilikuwa na nahodha mmoja, na chombo kilizama zaidi, kwa sababu hapakuwa na wa kumzuia Obote, wala baadaye wa kumzuia Amin. Na Kenya ilionyesha kwamba manahodha wawili wanaweza kufika bandarini. Baada ya machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,000, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan na Rais wetu Jakaya Kikwete wakiwapo. Walinuniana mara nyingi. Februari 2010 Odinga alitangaza kuwasimamisha mawaziri wawili, Kibaki akatangua. Lakini mapatano yaliingizwa katika Katiba, Rais hakuweza kumfukuza Waziri Mkuu kwa amri yake peke yake, na hakuna aliyeita jeshi. Serikali ile ilifika hadi uchaguzi wa 2013.

Sasa nirudi kwetu, kwani ndugu yangu wa Mngeta anangoja jibu. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962 ilichagua rais mtendaji, wala haikugawa kiti. Lakini Katiba yetu ya 1977, katika Ibara ya 51, inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi, kisha Bunge limthibitishe. Haisemi kutoka chama cha Rais. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, chama cha Rais ndicho kimekuwa na wabunge wengi, kwa hiyo mlango huo haujawahi kufunguliwa. Siku wananchi watakapompa huyu urais na yule Bunge, hati zitakuwa mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, laweza kutufika. Si lazima liwe balaa, maana ni haki ya wananchi kugawa kura zao. Balaa ni kungoja siku hiyo ifike ndipo tuanze kuulizana nani anaamuru polisi, nani anateua mawaziri, na mahakama gani itasikilizwa wakubwa wakigombana. Kazi ya Katiba mpya iliyoanza 2011 ilikwama, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Kila mjadala huo unapofufuliwa, watu huhesabu idadi ya serikali na ukubwa wa mabaraza. Naomba tuanze na maswali haya matatu. Mipaka ya shamba hupimwa kiangazi, majirani wakiwa bado wanasalimiana.