Udongo Mmoja, Pumzi Moja: Asili ya Mwanadamu kati ya Olduvai na Kitabu cha Mwanzo



Kijana wa kidato cha kwanza hufundishwa mambo mawili katika juma moja. Darasani, katika somo la Historia, anasoma habari za zamadamu na mageuko ya mwanadamu. Katika mafundisho ya Kipaimara anaambiwa kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia pumzi ya uhai. Wengi humjibu mwalimu kwa jibu moja na katekista kwa jibu jingine, kisha hunyamaza. Kimya hicho kina madhara. Baada ya miaka michache mmoja huiacha imani akiiona ni ngano za watoto, na mwingine huiogopa elimu akiiona ni kazi ya Shetani. Je, ni lazima achague? Hilo ndilo swali letu juma hili.

1. Ushahidi ulio jirani nasi

Barabara inayopita hapa Igoma kuelekea Magu na Lamadi hutufikisha lango la Ndabaka. Ukiingia hapo na kuivuka Serengeti, kabla ya kupanda kingo za Ngorongoro utalikuta Bonde la Olduvai, ambalo kwa jina lake la Kimaasai huitwa Oldupai, yaani mahali pa mkonge mwitu. Huko, tarehe 17 Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aliona mfupa uliojitokeza ardhini. Mumewe, Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete nchini Kenya mwaka 1903 na wazazi wamisionari wa Kianglikana, alikuwa kambini akiugua homa. Mfupa ule ulikuwa sehemu ya fuvu waliloliita Zinjanthropus, kutokana na jina la kale ambalo Waarabu waliipa pwani yetu, na ambalo limo pia ndani ya neno Zanzibar.

Vipimo vya miamba ya volkano vilionyesha umri wa takriban miaka milioni 1.75. Baadaye wataalamu walitambua kwamba huyo hakuwa babu yetu wa moja kwa moja, bali tawi la kando lililokauka. Mwaka 1964 walitangaza kiumbe mwingine wa bonde hilo hilo, Homo habilis, maana yake mtu stadi, wakimhusisha na zana za mawe zilizopatikana hapo. Kusini mwa Olduvai, mahali paitwapo Laetoli, mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu mabichi ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao walitangaza nyayo nyingine huko huko.

Tuondoe kwanza kosa moja. Sayansi haisemi kwamba mtu alizaliwa na sokwe kama hawa wa Gombe. Inasema kwamba sokwe na mwanadamu wana mzee mmoja wa kale sana, kama binamu wanavyoshiriki babu.

Hata Ziwa letu linafundisha. Tabaka za tope zilizochimbwa chini yake zinaonyesha kwamba lilikauka zamani, yapata miaka elfu kumi na tano au zaidi iliyopita, kisha likajaa tena. Ndani ya maji hayo mapya furu waligawanyika hata kufikia aina mia kadhaa: wenye meno ya kuparua mwani, wenye taya za kuvunja konokono, na wenye kula samaki wenzao. Anayewajua furu hatashangaa kusikia kwamba viumbe hubadilika.

2. Falsafa inauliza swali jingine

Chukua mtumbwi uliofungwa ufukweni. Fundi atakueleza ni mti gani, ulikatwa lini, uliunganishwa vipi. Yote atakayosema ni kweli. Lakini hata akiupima mwaka mzima, mbao hazitamwambia mwenye mtumbwi anakwenda wapi, wala kwa nini ameamka usiku. Hayo huulizwa kwa namna nyingine.

Ndivyo ilivyo kwa mwanadamu. Mifupa hueleza mwili ulivyopatikana. Falsafa huuliza: huyu anayeichimba mifupa na kujiuliza alikotoka ni nani? Aristotle alifundisha kwamba mimea ina uhai wa kukua, wanyama huongeza hisi na mwendo, na mtu peke yake ana akili inayotafuta kweli. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliongeza kwamba Mungu, aliye asili ya vyote, huwapa viumbe wake uwezo wa kuwa visababishi vya kweli. Mungu hapungukiwi na kitu akitenda kwa njia ya mvua, mbegu na miaka mingi.

Naye Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, Askofu wa Hippo, karne nyingi kabla ya Darwin alifundisha kwamba Mungu aliweka katika uumbaji kama mbegu ambazo zingechipuka kwa wakati wake. Aliwaonya pia Wakristo wasiitumie Biblia kubishana ovyo juu ya mambo ya maumbile, wasije wakaifanya imani ichekwe na wenye elimu.

3. Imani inakiri nini?

Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa kuwa somo la miamba. Kinatangaza ukweli mkubwa kwa lugha ya picha: kwamba ulimwengu watoka kwa Mungu mmoja, ni mwema, na mtu ameumbwa kwa mfano wake. Jina Adamu lahusiana na neno la Kiebrania lenye maana ya ardhi. Kumbe Biblia na Olduvai hazipingani hapo: sote tu udongo.

Katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950, Papa Pio XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Swali gumu lipo, wala tusilifiche. Wataalamu wa urithi wanaona kwamba wazee wetu walikuwa kundi la maelfu, hawakuwa wawili tu. Pio XII alionya kwamba haionekani jinsi fikra hiyo inavyopatana na fundisho la dhambi ya asili. Wanateolojia wangali wanalitafakari jambo hili. Mwamini aweza kusubiri bila hofu, maana ukweli haupigani na ukweli.

4. Kwa nini jambo hili latuhusu

Mwaka 1906, Ota Benga, mtu wa Kongo, aliwekwa pamoja na nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili watu wamtazame. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga mpaka akatolewa. Waliomweka pale walidhani sayansi inawaruhusu. Walikosea hata kisayansi, kwani wanadamu wote walio hai leo ni jamii moja yenye chimbuko Afrika.

Tusiwacheke. Katika Kanda yetu ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, kwa kuwa baadhi ya watu walisadiki kwamba hao si watu, ni mizimu isiyokufa bali hupotea. Mtawa Mwagostino, Gregor Mendel, aliyechapisha utafiti wake wa mbegu za njegere mwaka 1866, alituachia kanuni inayolivunja giza hilo: mtoto hurithi hali hiyo kwa baba na mama, hata wote wawili wakiwa na ngozi nyeusi. Ni damu yetu. Na imani inaongeza lile ambalo darubini haioni: pumzi iliyo ndani yake imetoka kwa Mungu yule yule.

Hitimisho

Basi, mwanangu wa kidato cha kwanza, andika katika mtihani yale uliyofundishwa kuhusu Olduvai, nawe ukiri Dominika kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi. Hujasema uongo popote. Lakini ujue kwamba mtihani wa tatu unakungoja njiani: siku utakapomsikia mtu akimwita mwenzake nusu-mtu, kwa rangi yake, kwa ulemavu wake, au kwa macho mekundu ya bibi kizee aliyezeeka kwa moshi wa jikoni. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama umeelewa asili ya mwanadamu.