Hekalu la Ohatsu

Ukishuka treni Umeda, katikati ya Osaka, unasukumwa na watu mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mimi nilikuwa natafuta chakula cha bei nafuu, basi. Nikapita kichochoro cha baa na vibanda vya tambi, mara nikatokea kwenye kiwanja kidogo chenye hekalu la Kishinto, limebanwa na maghorofa kila upande. Nguzo zake za mawe zina matundu ya risasi za ndege za Marekani, za wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Jina lake rasmi ni Tsuyu no Tenjinsha. Anayeheshimiwa hapo ni Sugawara no Michizane, msomi na mshairi aliyesingiziwa na wakubwa wenzake, akahamishwa Kyoto mwaka 901 na kupelekwa Dazaifu, akafia huko mwaka 903. Mikosi ilipoandama mji mkuu baada ya kifo chake, wakubwa wa huko wakatetemeka, na hatimaye akafanywa mungu. Leo wanafunzi wanamwomba wafaulu mitihani.

Lakini watu wa mji wanapaita Ohatsu Tenjin. Eti Ohatsu ni nani? Hakuwa msomi wala malkia. Alikuwa msichana wa danguro. Mwaka 1703, yeye na mpenzi wake Tokubei, karani wa duka la mchuzi wa soya, walijiua katika msitu uliokuwa hapa. Mwezi mmoja tu baadaye, Chikamatsu Monzaemon alikwisha kuwaweka jukwaani katika mchezo wa vikaragosi, Sonezaki Shinju. Watu wakafurika, na ukumbi uliokuwa umezama katika madeni ukaokoka. Ikafuata michezo mingine ya namna hiyo, na wapenzi wengine wakafa vile vile, hadi mwaka 1723 serikali ikaipiga marufuku.

Mwezi mmoja, ndugu msomaji! Hata machozi ya wazazi yalikuwa hayajakauka. Sisi tunaojiita waandishi tunapenda kusema Chikamatsu alimpa binti yule uhai wa miaka mia tatu, na si uongo. Bila yeye nani angemkumbuka? Ila hakuna aliyemwomba ruhusa Ohatsu, na tiketi ziliuzwa.

Nasema hivi kwa sababu nami nimefanya. Niliwahi kuandika hadithi ya msichana wa mtaani kwetu aliyefariki, jina nikabadilisha herufi mbili tu. Washikaji wakanisifu, nikavimba kichwa. Halafu siku moja nikakutana na mama yake dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile hadithi, ulimwuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Akalipia sukari yake, akaenda zake.

Pale hekaluni ipo sanamu ya shaba ya Ohatsu na Tokubei, wamekaa pamoja. Vijana wawili walikuwa wanapiga picha mbele yake huku wakicheka. Nilitupa sarafu kisandukuni, nikainama mara mbili, nikapiga makofi mawili, nikainama tena, kama nilivyoona wenyeji wakifanya. Kisha nikanunua kibao cha mbao cha kuandikia maombi. Nilikaa na kalamu muda mrefu, kichwani hamna kitu. Mwishowe nikaandika jina la yule mama, nikakitundika katikati ya maombi ya mitihani.