Rosa Mistika na Ndugu Waliobaki

Katika historia ya Kanisa, adhabu iliyokusudiwa kwa aliyejiua imewaangukia zaidi ndugu zake. Mtaguso wa Braga katika karne ya 6 ulimnyima marehemu wa namna hiyo zaburi za maziko. Waliokwenda kaburini kimya ni waliobaki. Mwaka 1532 Martin Luther alinena kwa upole: mtu huyo ni kama aliyeuawa na mnyang'anyi msituni, wala haifai kusema kwa hakika kwamba amepotea. Lakini aliona makutano wasiambiwe neno hilo, Shetani asije akapata nafasi.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake Rosa Mistika, alimfikisha msichana wa Ukerewe aliyejiua mbele ya Mungu mwenyewe. Wanakijiji hawakuachiwa hukumu. Hata hivyo Rosa alikuwa na wadogo zake, na msomaji kijana aliyefiwa hujitambua kwao.

Kijana wa Mbezi Beach anayemzika dada yake huuliza: yuko wapi? Tahadhari ya Luther ilikuwa na sababu, lakini kimya cha mchungaji husikika kama hukumu. Basi Warumi 8:38-39 na isomwe kaburini kwa sauti, na jina la marehemu litajwe.