Liuli: Jiwe, Meli na Kaburi

Ukitaka kuwaonyesha watoto magofu, utaambiwa uende Kilwa Kisiwani au Kaole, na kama nauli si tatizo, ukatembee Pompeii. Mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, hakuna anayeutaja. Wazee wa ziwani walijenga kwa miti, matete na udongo, vitu ambavyo mchwa na mvua havibakishi. Hapa historia imekaa kwenye mashamba, kwenye mwamba na kwenye bandari ndogo, na familia iliyolala Mbinga mjini inaweza kuisoma kutwa moja tu, mradi iamke mapema.

Somo lenyewe linaanza kabla ya kuliona ziwa. Miteremko ya Umatengo imejaa mashimo ya mraba yaliyopangwa kama sega la asali. Ndiyo ngoro. Masika yakikaribia mwisho, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana. Wanawake huchimba udongo katikati na kuzifukia, wakapanda maharage juu ya matuta. Mahindi hufuata msimu mwingine. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomosha udongo bondeni. Kwa nini watu wang'ang'anie kulima mahali pa mwinuko namna hii? Kwa sababu katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini na kuvuka Zambezi mwaka 1835, walianza kuwavamia majirani zao kutafuta watu na chakula. Wamatengo wengi wakajibana kwenye milima ya Litembo, na mlima uliojaa watu haulishi bila maarifa. Kwangu mimi, ngoro inastahili heshima ile ile wanayopewa Warumi kwa mifereji yao ya maji, na zaidi kidogo: mingi ya Warumi imebaki ya kupigwa picha, hii bado inaivisha maharage.

Kutoka hapo barabara ya lami inateremka kwa kona nyingi hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Joto linakupokea kabla ya wenyeji. Kuleni samaki aitwaye mbasa, kisha mfuate mwambao kwenda kaskazini hadi Liuli.

Bandarini Liuli limesimama jiwe la Pomonda. Ukilitazama ukiwa majini unaona mnyama mkubwa aliyelala ameinua kichwa, na Wajerumani, walioona humo yule simba wa Misri mwenye uso wa mtu, wakapaita mahali hapa Sphinxhafen. Wenyeji walilithamini jiwe kwa sababu nyingine. Lina pango, na enzi za uvamizi pango lilikuwa na maana kuliko sura. Wapo watu wa ziwa hili waliofika hadi kujenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji, ili adui wa nchi kavu asiwafikie.

Bandari hii ndiyo iliyoona kisa ambacho Waingereza wanapenda kukisimulia huku wakicheka. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imegharimiwa kwa bahati nasibu iliyochezwa Ujerumani kwa jina la kupiga vita utumwa. Ililetwa vipande vipande kupitia Zambezi na Shire, ikaanza kazi mwaka 1893. Nahodha wake, Berndt, na Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Agosti 1914 vita vilipotangazwa Ulaya, habari zilimfikia Rhoades kwanza. Tarehe 13 Agosti akaingia Liuli, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, akaanza kuipiga mizinga. Makombora mengi yalikosa. Berndt akaingia kwenye mashua, akapiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa, na huko huko akaambiwa kwamba sasa ni mateka. Gazeti la London likaandika juu ya ushindi wa majini.

Watoto watakipenda kisa hiki, na sioni ubaya. Ila mkishacheka, waambieni yaliyofuata. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli na jeshi wakailipua meli isitumike tena. Vita vyenyewe viligeuka kuwa vya wapagazi, watu wa nchi hii na nchi jirani waliobeba mizigo ya wazungu wa pande zote mbili, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Wissmann ilikuja kufufuliwa na Waingereza, ikasafiri ziwani kwa jina la King George V. Nani aliibadili bendera tunajua. Waliokata kuni za tanuri lake hawakuandikwa popote.

Kabla ya kuondoka, pitieni kanisani. Hapa ndipo alipozikwa William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyefika Afrika mwaka 1876 akiwa kijana na kufia Liuli Oktoba 1928. Jicho moja lilipofuka, la pili likabaki na nuru kidogo, naye akaendelea kuzunguka vijiji vya mwambao kwa meli na kwa miguu, akitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Mahujaji huja kaburini kwake kila Oktoba. Meli ya misheni aliyoifahamu sana, Chauncy Maples, nayo ilifika kwa vipande. Boila la injini yake, lenye uzito wa tani 11, lilivutwa nchi kavu na wanaume wapatao 450. Walikuwa Wangoni, wa upande wa Malawi ya leo.

Mpangilio wa siku unategemea upepo. Kati ya Mei na Agosti mwera huvuma kutoka kusini-mashariki na kuliinua ziwa, na mwenye mtumbwi anayejiheshimu hatakubali kuvusha watoto. Asubuhi iwe ya jiwe, mchana wa kanisa, na mwanze kupanda milima ya Mbinga kabla jua halijazama, kwa kuwa zile kona gizani si za mchezo.