Nobori: Bendera ndefu za samurai zinashonwaje?

Ukitazama filamu za samurai, utaziona: bendera ndefu, nyembamba, zimesimama wima nyuma ya askari. Zinaitwa nobori. Leo vikundi vinavyoigiza historia, ndani na nje ya Japani, bado vinazishona. Kazi yenyewe inahitaji cherehani ya kawaida tu, ila kuna mambo ukiyakosea bendera haitasimama.

Zilikuwa za nini?

Katika karne ya 15 na 16 Japani ilikuwa vitani, koo zikipigana zenyewe kwa zenyewe. Katika vumbi na moshi, askari alijua wenzake walipo kwa kutazama bendera. Kumpoteza mwenye bendera kulimaanisha kikosi kupotea.

Kila kiongozi alikuwa na alama yake. Ukoo wa Sanada ulitumia sarafu sita, nauli ya marehemu ya kuvuka mto wa kuzimu. Uesugi Kenshin aliandika herufi moja tu, ya mungu wa vita Bishamonten. Oda Nobunaga alichora sarafu kwenye kitambaa cha njano.

Kwa nini hazijikunji?

Siri iko kwenye mti. Nobori haifungwi upande mmoja tu kama bendera ya taifa. Ina mti mrefu wa pembeni na kijiti cha kulala juu, kama herufi L iliyogeuzwa. Hata upepo usipovuma, alama inasomeka.

Kitambaa kinashikwa na vitanzi vinavyoitwa chi, neno linalomaanisha maziwa au matiti, kwa jinsi vinavyochomoza pembeni.

Jinsi ya kushona

Kipimo kinachotumika sana leo ni sentimita 60 kwa 180. Mita mbili za pamba zinatosha.

1. Kata kitambaa cha sentimita 66 kwa 186. Zile 6 za ziada ni za pindo.

2. Chora alama kwanza, kabla ya kushona chochote, kitambaa kikiwa kimelala. Tumia rangi ya kitambaa nyepesi inayopenya hadi upande wa pili. Rangi nzito inakakamaa na kupasuka.

3. Kunja pindo mara mbili, sentimita 1.5 kila mara. Piga pasi, kisha shona.

4. Kata vipande 10 vya sentimita 10 kwa 16. Kila kimoja kunja mara nne kwa urefu, upate utepe wa sentimita 2.5, ushone.

5. Kunja kila utepe katikati uwe kitanzi. Weka vitatu juu na saba ubavuni, kimoja kila baada ya sentimita 30 hivi. Ingiza sentimita 2 kwenye pindo na ushone kwa msalaba ndani ya mraba. Hapa ndipo upepo unapovuta, usibanie uzi!

Vitanzi hivi vinaingia mti wa unene wa sentimita 3 bila kubana.

Ukitaka iwe ya kale zaidi

Kitambaa cha jadi cha Kijapani kilifumwa chembamba, sentimita 36 hivi. Bendera pana iliunganishwa kwa vipande viwili au zaidi. Kwa hiyo mshono wa wima katikati si kasoro, ni ushahidi kwamba fundi anajua historia.

Chunga alama

Alama hizi si mapambo ya bure. Familia nyingi za Japani bado zina zake, na ua la krisanthemumu lenye petali 16 ni la mfalme. Vikundi makini hulikwepa, na kabla ya kuchora huthibitisha alama ni ya nani na ya enzi gani.

Mwisho, kumbuka bendera ina pande mbili. Ukiitazama kwa nyuma, maandishi yanasomeka kinyume, na ni sawa. Sarafu za Sanada hazina tatizo hilo: sita mbele, sita nyuma.