Kinga ya Meno na Aibu Yake ya Kwanza

Kijana wa Rugaaga, au wa vijiji vya makazi ya Nakivale huko Isingiro, Uganda, atakaye kujifunza ndondi, aghalabu huwaza glavu kwanza na meno mwisho; wala hastahili lawama kubwa, maana mabondia wa dunia nzima walikaa dahari na dahari katika hali hiyo hiyo, hata jino lililovunjika likahesabiwa kuwa sehemu ya ujira wao.

Asili ya kinga ya meno hutajwa kuwa ni London, katika miaka ya 1890, ambako tabibu wa meno Woolf Krause aliwabandikia mabondia vipande vya gutapacha juu ya meno ya mbele kabla hawajapanda ulingoni. Gutapacha ni utomvu wa miti ya Malaya, ule ule uliofunikia nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari, ukiwamo waya uliofika Unguja mwaka 1879. Basi watu wa pwani yetu walikwisha kunufaika nao kabla haujasifiwa vinywani mwa mabondia. Lakini vipande hivyo vilikuwa na aibu moja kubwa, nayo ni kwamba havikujishikilia: ilimlazimu bondia akaze taya muda wote visimtoke, na aliyekaza taya hapumui kwa raha. Mwana wa Krause, Philip, aliyekuwa tabibu na bondia wa ridhaa pia, akaunda kinga ya mpira iliyoweza kutumika tena na tena, na rafiki yake, bondia Ted “Kid” Lewis, akaivaa mbele ya kadamnasi.

Wengi hawakupendezwa. Mwaka 1921, Lewis alipokutana na Jack Britton huko New York, upande wa Britton ulilalamika kwamba kitu kile ni haramu, naye Lewis akaamriwa akitoe. Akapigana bila kinga, na akashindwa kwa pointi. Ilihitajiwa damu ili rai zigeuke. Mwaka 1927 Mike McTigue, aliyekuwa akimtawala Jack Sharkey, alipasuliwa mdomo na jino lake mwenyewe lililovunjika, pambano likasimamishwa naye akahesabiwa ameshindwa. Tangu hapo kinga ikahalalika, na kufikia mwaka 1962 wanafunzi wa sekondari waliocheza futiboli ya Kimarekani walilazimishwa kuivaa.

Uganda nako ndondi zilichezwa jeshini, na bingwa wa nchi wa uzito wa juu mwepesi (light heavyweight) katika miaka ya 1950 alikuwa askari wa King's African Rifles, Idi Amin, ambaye tarehe inamkumbuka kwa mengine. Eridadi Mukwanga alipoleta fedha na Leo Rwabwogo shaba kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, hakukuwa tena na mwamuzi aliyeishangaa kinga kinywani mwa bondia.

Ajabu ni kuwa aibu ile ya Krause mzee ingali ikiuzwa madukani. Ipo kinga iliyokwisha kuumbwa kiwandani, rahisi kwa bei, ambayo haikai pasipo kuumwa. Mimi naiona ni hasara. Ipo inayolainishwa kwa maji ya moto kisha ikaumwa ikapata sura ya meno, nayo yamtosha kijana mwanafunzi, ila aliyevaa nyaya za kunyoosha meno asiijaribu bila kumwuliza tabibu. Ya tatu hutengenezwa na tabibu wa meno kwa kuchukua umbo la kinywa chenyewe. Ndiyo bora kuliko zote, ila ina gharama, na kwa mkaazi wa Nakivale kuna na nauli ya kwenda Mbarara kutafuta tabibu wa kuifanya. Fauka ya hayo, mtoto ambaye meno yake yangali yakiota itamlazimu kuifanyiza upya. Rangi nyekundu iepukwe, kwani sheria za ndondi za ridhaa huikataza kwa sababu huficha damu.

Basi ewe mnunuzi, ivae kinga yako, achama kinywa, useme maneno mawili matatu. Ikidondoka, ilainishe tena uiume upya, na ikiwa ni ile isiyolainika, usiilipie.