Kurejea Kwenye Baiskeli Baada ya Muda Mrefu: Jinsi ya Kuepuka Kujichosha Kupita Kiasi

Kujichosha kupita kiasi ni hali inayompata mtu anapoulazimisha mwili kufanya kazi inayozidi uwezo wake wa wakati huo. Kwa aliyeacha kuendesha baiskeli kwa miezi au miaka, hatari hiyo ni kubwa zaidi katika wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa anakumbuka nguvu alizokuwa nazo zamani na kupanga safari yake kwa kuzitegemea.

Katika Mkoa wa Tabora suala hili linawagusa watu wengi. Kipalapala, eneo lililo nje kidogo ya mji wa Tabora na linalofahamika kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ni mfano wa maeneo ambayo baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha michezo. Hubeba madumu ya maji, kuni, mahindi ya kusaga, asali kutoka misitu ya miombo na abiria wa kwenda mjini. Mtu huiacha kwa sababu ya ugonjwa, masomo, uzazi, au kwa kuwa amepata pikipiki. Siku anapoirudia, mara nyingi huirudia na mzigo wake.

Wapo pia wanaorejea kwa ajili ya afya. Mwezi Desemba 2016 Serikali, kupitia aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mhe. Samia Suluhu Hassan, ilielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kufanya mazoezi, ili kupunguza magonjwa yasiyoambukiza. Mwaka 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Faida ya baiskeli kwa moyo, uzito wa mwili na sukari ya damu haina shaka. Tahadhari iliyomo katika makala haya inahusu kasi ya kuanza.

Mwili hupoteza nini ukipumzika

Ubongo hausahau kuendesha baiskeli. Aliyejifunza akiwa mtoto anaweza kupanda baada ya miaka 20 na kwenda bila kuanguka. Misuli, moyo na damu havina kumbukumbu ya namna hiyo. Ndani ya wiki mbili hadi nne za kuacha mazoezi, kiasi cha majimaji katika damu hupungua na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni nao huanza kushuka. Mapumziko yakiendelea kwa miezi, misuli ya mapaja hupungua nguvu, na kano zinazoshikilia goti na kifundo cha mguu hupoteza uimara.

Uwezo huo haurudi kwa mwendo mmoja. Pumzi huanza kuwa nzuri ndani ya wiki chache, ilhali kano huhitaji miezi. Hapo ndipo wengi huumia: katika wiki ya tatu au ya nne mwendeshaji hahemi tena kama mwanzo, hujiona amepona, huongeza umbali maradufu, kisha goti huvimba. Pumzi nzuri si uthibitisho kwamba viungo viko tayari.

Mazingira ya Tabora

Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ardhi yake haina milima mikali, jambo linalomfanya mtu aone safari kuwa nyepesi. Ugumu wake umo katika mchanga, jua na umbali. Tairi linalozama kwenye mchanga humtaka mwendeshaji kutumia nguvu nyingi zaidi kuliko barabara ya lami, hata kama kasi ni ndogo. Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Mwili ambao haujazoea kufanya kazi kwenye joto huhitaji takriban siku 7 hadi 14 za kulizoea kidogo kidogo.

Kwa sababu hiyo, anayerejea anashauriwa kuendesha kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni na kumaliza kabla ya giza. Aidha, azingatie kuwa safari ina kwenda na kurudi. Anayetoka Kipalapala hadi sokoni mjini akatumia nguvu zake zote kufika, atarudi akiwa amechoka, jua likiwa kali na mzigo ukiwa umeongezeka. Kipimo cha safari kiwe nguvu za kurudia nyumbani.

Mwendo wa misafara ya kale

Njia iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilijengwa juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua kiasi cha miezi mitatu. Misafara hiyo ilikuwa na desturi ya kufanya hatua za mwanzo kuwa fupi. Siku ya kwanza watu walitoka, wakaenda mwendo mdogo, wakapiga kambi, wakarekebisha mizigo na kufuata kilichosahaulika. Mwendo mrefu ulikuja baadaye, safu ilipokwisha kukaa sawa. Utaratibu huo unamfaa pia mwendesha baiskeli: safari ya kwanza ni ya kujua kilichopungua.

Wanaopaswa kupimwa kwanza

Watu wafuatao wanashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kabla ya kuanza:

- Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu.
- Mwenye umri wa zaidi ya miaka 45 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, hasa akiwa anavuta sigara au ana uzito mkubwa.
- Aliyetoka kuugua malaria kali, homa ya mapafu au ugonjwa mwingine uliomlaza, kwa kuwa upungufu wa damu unaweza kubaki baada ya homa kwisha.
- Mama aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji.
- Aliyewahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa kazi nzito.

Mtu mwenye homa asiendeshe kabisa siku hiyo. Mazoezi hayatoi homa kwa jasho. Huongeza mzigo kwa moyo ambao tayari unafanya kazi ya ziada.

Ratiba ya wiki sita

Ratiba ifuatayo inamfaa mtu mzima asiye na ugonjwa, aliyekaa miezi sita au zaidi bila kuendesha. Aliyezidi miaka 60 au aliyetoka kuugua anaweza kurudia kila wiki mara mbili.

Wiki ya 1: Safari tatu, kila moja dakika 15, kwenye barabara tambarare, bila mzigo. Kati ya safari na safari ipite siku moja ya kupumzika.

Wiki ya 2: Safari tatu za dakika 20, bila mzigo.

Wiki ya 3: Safari tatu za dakika 25. Sehemu fupi ya njia ya mchanga inaruhusiwa.

Wiki ya 4: Safari tatu za dakika 25, kama wiki ya 3. Wiki hii imewekwa makusudi bila nyongeza ili kano zipate muda wa kuimarika.

Wiki ya 5: Safari nne za dakika 30. Mzigo mwepesi unaweza kuanza kubebwa, mfano dumu moja la lita 10.

Wiki ya 6: Safari nne za dakika 35 hadi 40. Mzigo uongezwe au umbali uongezwe, visiongezwe vyote viwili kwa wiki moja.

Anayemaliza wiki ya sita atakuwa amekaribia au kufikia dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima. Kwa ambaye baiskeli ndiyo riziki yake na hawezi kusubiri wiki sita, njia iliyo salama zaidi ni kugawa mzigo katika safari mbili, kushuka na kusukuma kwenye mchanga, na kupumzika kivulini kila baada ya dakika 15.

Kupima juhudi bila kifaa

Kipimo rahisi ni mazungumzo. Mwendeshaji anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini hawezi kuimba, yuko katika kiwango cha wastani. Anayetoa neno mojamoja amezidisha na anapaswa kupunguza mwendo.

Kipimo cha pili ni mapigo ya moyo. Mapigo huhesabiwa kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, kisha huzidishwa kwa 4. Kiwango cha juu hukadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa mwenye miaka 50 kiwango hicho ni 170, na mazoezi ya wastani huwa kati ya asilimia 50 na 70 ya hapo, yaani mapigo 85 hadi 119 kwa dakika. Hesabu hii ni ya makadirio, na haiwafai wanaotumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo.

Hali ya baiskeli

Baiskeli iliyokaa muda mrefu huongeza uchovu bila mwendeshaji kujua. Mnyororo wenye kutu, tairi lisilo na upepo wa kutosha na breki inayogusa rimu humfanya atumie nguvu nyingi kwa mwendo mdogo. Fundi aikague kabla ya safari ya kwanza, na breki zijaribiwe.

Kimo cha kiti ni muhimu kwa magoti. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjwa kidogo tu. Kiti kilicho chini mno hubana goti kwa mbele. Kilicho juu mno humfanya mtu ayumbe kiunoni na kuumia mgongo.

Maji na chakula

Mwendeshaji anywe maji safi na salama kabla ya kutoka, abebe mengine, na anywe kila anaposikia kiu. Kunywa maji mengi kupita kiasi kwa mkupuo mmoja nako kuna madhara, kwa sababu hupunguza chumvi katika damu. Baada ya kutoka jasho jingi, maji yaambatane na chakula chenye chumvi kidogo. Uji, viazi vitamu au ndizi vinatosha kuwa chakula cha kabla ya safari fupi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe kabla ya safari ili kuzuia maumivu. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huweza kudhuru figo.

Uchovu wa kawaida na dalili za hatari

Maumivu ya misuli ya mapaja yanayoanza siku inayofuata na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 ni ya kawaida. Hupungua yenyewe kwa kupumzika na kutembea taratibu. Uchovu usioisha kwa siku kadhaa, usingizi mbaya na mapigo ya moyo ya asubuhi yaliyo juu kuliko kawaida ni ishara za kupunguza ratiba kwa nusu.

Dalili zifuatazo zinahitaji kituo cha afya bila kuchelewa:

- Maumivu au mbano wa kifua, hasa yanayoelekea begani, mkononi au kwenye taya.
- Kuzimia, au pumzi kukata hata baada ya kupumzika.
- Kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba wakati wa joto.
- Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kola, ndani ya siku tatu baada ya safari nzito. Hii ni dalili kwamba misuli imeharibika na mabaki yake yameingia kwenye damu. Figo zinaweza kushindwa kufanya kazi.
- Misuli iliyovimba, kukakamaa na kuuma kupita kiasi.

Mtu aliyezidiwa na joto na kuanza kuchanganyikiwa apelekwe kivulini, avuliwe nguo za ziada, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa wakati usafiri unatafutwa. Asipewe kinywaji akiwa hajitambui. Kumpoza kuanze palepale barabarani, kwa kuwa joto la mwili linalofikia nyuzi 40 huweza kuua kabla ya kufika hospitalini.

Kwa ushauri wa afya, mwananchi anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, au kumwona mtoa huduma katika zahanati iliyo karibu naye.